Baraza ya Nyumbani: Kuikimbiza Kompyuta Kupita Mwendo Wake



Barua tatu zimenifikia tangu Mfungo Tano, mbili za wazazi na moja ya kijana, na zote zahusu jambo moja. Mzazi wa kwanza auliza kama ni kweli kuwa kompyuta ya bei nafuu yaweza kugeuzwa ikawa sawa na ya bei kubwa bila ya kununua kitu. Wa pili alalamika kuwa mwanawe ameliacha wazi kasha la kompyuta na amelielekeza humo pangaboi la chumbani, wazee wake wakalala kwa jasho. Huyo kijana naye ataka nimsemee kwa baba yake, na ameandika kurasa nne ili nisikose hoja.

Lau barua hizi zingalinijia miaka michache nyuma, ningalizipeleka kwa mtu mwingine. Mimi ni mwalimu wa chuo. Nimesoma Kurani na shule ya msingi basi, na mashine ya kwanza niliyoijua ndani yake ni cherehani ya marehemu mama. Lakini jambo hili limepita nyumbani mwangu, na limenifedhehesha mbele ya mama mmoja wa mtaa wetu, hata ikanibidi nilisome. Nitasimulia kwanza, kisha nitajibu.

Nakaa hapa Tanga na mpwa wangu, mtoto wa dada, tangu alipoingia kidato cha kwanza. Kompyuta tuliyo nayo ni mtumba, na tuliinunua kwa kuchangishana: mama yake alitoa nusu ya fedha kutoka katika kushona kwake, mimi nikatoa robo, naye kijana akatoa robo iliyobaki kwa kazi ya likizo katika duka la simu. Mchana hutumiwa na dada yake, asomaye ualimu, kwa kuandika kazi zake. Alasiri hutumiwa nami, kwani humo ndimo nilimoweka daftari la madrasa: majina ya watoto 87, hudhurio lao, na ada waliyolipa na wasiyolipa. Baada ya Isha ndipo kijana hupata zamu yake, akacheza mpira na mashindano ya magari. (Kwamba michezo hii yafaa au haifai, na kwa saa ngapi, ni mlango mwingine, leo siufungui.) Ndani ya kasha mna prosesa ya AMD iitwayo Ryzen 3 1200, iliyoanza kuuzwa Julai 2017 kwa dola 109 za Marekani, na kadi ya picha ya GTX 1050 Ti iliyotoka mwaka mmoja kabla yake. Vyote viwili vilikuwa vya bei nafuu vilipokuwa vipya, sembuse leo.

Sasa, prosesa ni kitu gani, na kuikimbiza ni kufanya nini? Nitaeleza kama nilivyoelezwa. Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, mfano wa waitikiaji wafuatao dufu: kila pigo moja, hatua moja ya hesabu. Hii yetu watengenezaji wake waliiandikia mwendo wa gigahezi 3.1, yaani mapigo 3,100,000,000 katika kila sekunde. Mwendo huo hupatikana kwa kuchukua pigo la msingi, ambalo ni megahezi 100, na kulizidisha mara 31. Mtu akiingia katika bayosi, ile programu iamkayo kabla ya nyingine zote kompyuta inapowashwa, aweza kuiondoa ile 31 akaweka 36 au 38. Hayo ndiyo vijana wayaitayo ovakloki. Ni kazi ya dakika mbili, wala haitaki bisibisi.

Lakini wapiga dufu wakiharakisha, mwenye kuitikia ataka pumzi zaidi. Ndani ya prosesa pumzi hiyo ni volti. Umeme ukiwa mdogo na pigo likiwa la haraka, jibu la hesabu huwa halijafika pigo jingine linapolia, na mashine huchukua lililopo, liwe ni sahihi au si sahihi. Kwa hivyo mwenye kuongeza mwendo, akifika mahali fulani, hulazimika kuongeza na volti. Shikeni neno hili, kwani khasara yote yaanzia hapo.

Mpwa wangu alifanya hivyo bila ya kuniambia. Sikujua ila kwa sauti: feni ya kompyuta, ambayo zamani haikusikika ukumbini, ilianza kuvuma kama cherehani ikanyagwayo na mtu mwenye haraka. Nilipouliza nilijibiwa kuwa ni joto la kaskazi, nami nikanyamaza, kwa kuwa ni kweli ilikuwa kaskazi. Ikapita kadiri ya wiki mbili. Siku moja nikafungua daftari la madrasa, likakataa kufunguka. Fundi mmoja alilifungua kwa hila zake, lakini ukurasa wa ada ulikuwa umeharibika, na malipo ya miezi miwili hayakuonekana.

Nikaanza kuwaendea wazazi mmoja mmoja. Wengi walikumbuka na wakaniambia. Mama mmoja mjane nilimtumia salamu kuwa ada ya mwanawe bado. Hakusema neno, alimpa mtoto fedha akaja nazo zimefungwa katika karatasi. Siku nne baadaye nilikuta, nyuma ya juzuu ninayosomeshea, mahali nilipoandika kwa kalamu ya risasi kuwa mama yule amelipa, na tarehe yake. Nilikwenda mwenyewe kumrudishia na kumwomba radhi. Aliniambia, "Mwalimu, nilidhani nimesahau mimi." Maneno hayo yaliniumiza zaidi ya lau angalinigombeza.

Ndipo kijana akaja mwenyewe, kabla sijamwita, akaniambia, "Mjomba, huenda ni mimi."

Nasema "huenda" kwa makusudi, kwani wiki ile umeme pia ulikatika mara kadha wa kadha, na umeme ukikatika katikati ya kuandika waweza kuharibu faili. Sikutaka kumhukumu mtoto kwa dhana. Tukaamua kuipima mashine yenyewe. Iko programu iitwayo Prime95, ambayo asili yake ni kutafuta namba tasa kubwa sana. Nayo kwa kuwa hufanya hesabu ambazo majibu yake yanajulikana tangu mbele, hutambua mara moja prosesa inapokosea. Tukaiendesha pale pale alipokuwa ameiweka yeye, gigahezi 3.9. Katika dakika ya 11 ikasimama na kuandika kuwa hesabu si sahihi. Kompyuta haikuzimika, kioo hakikugeuka rangi, na muziki wa dada yake uliendelea kulia kama kwamba hapana neno. Tukairudisha katika mwendo wake wa asili, ikaenda usiku kucha mpaka alfajiri bila ya kosa hata moja.

Hili ndilo nililotaka wazazi walijue kuliko mengine yote. Watu wengi hudhani kuwa prosesa iliyozidishwa mwendo ama yafanya kazi ama yazimika, na kwamba maadamu haizimiki basi i salama. Sivyo. Baina ya salama na kuzimika kuna mahali pa tatu, ambapo mashine hukosea kimya kimya. Katika mchezo wa mpira, kosa moja katika mapigo bilioni huenda likawa ni nukta ya rangi isiyo mahali pake, na hapana atakayeiona. Katika daftari la ada, kosa hilo hilo ni jina la mama mjane.

Baada ya hayo, wangekuwapo watakaosema kuwa shauri limekwisha: marufuku. Nami karibu niseme hivyo. Lakini kijana alikuwa na hoja zake, na mwalimu anayekataa kusikia hoja ya mwanafunzi kwa sababu tu amekosea ni mwalimu mvivu. Nikamwambia aeleze.

Hoja yake ya kwanza ilikuwa ya historia, na ni ya kweli. Alinisimulia khabari za Celeron 300A ya Intel, iliyotoka mwaka 1998. Ilikuwa prosesa ya bei ya chini, ya megahezi 300. Lakini aliyeihamisha njia yake ya umeme kutoka megahezi 66 hadi 100 aliipata ikienda megahezi 450, sawa na zile zilizouzwa kwa bei ya juu kabisa wakati huo. Sababu yake ni kuwa prosesa hukatwa kutoka katika sahani moja ya silikoni, nyingi kwa mara moja, kisha hupimwa na kupangwa kwa daraja. Kukiwa na wanunuzi wengi wa daraja la chini, mtengenezaji huchukua zilizo nzuri na kuzipa jina la chini apate kuziuza. Basi maskini wa wakati ule, akiwa na bahati, alinunua kanzu ya hariri kwa bei ya marekani.

Nikamuuliza, "Na leo?" Hapo akapunguza sauti. Kwani leo watengenezaji wenyewe wameingia katika biashara hiyo. Prosesa za sasa hujiongeza mwendo zenyewe zinapoona joto liko chini na umeme watosha. Hii yetu, iliyoandikwa 3.1, hufika 3.4 yenyewe wakati kazi inapokuwa chache. Ule mwanya mkubwa uliokuwapo baina ya kilichoandikwa na kinachowezekana wamekwisha kuuziba, na faida yake wameiuza katika bei. Kilichosalia kwa mnunuzi ni makombo, na makombo hayo si sawa kwa kila mtu: prosesa mbili za jina moja, zilizotoka katika kasha moja, moja huenda ikafika 3.9 bila taabu na ya pili ikashindwa na 3.7. Hapana ajuaye yake ni ipi mpaka aijaribu. Aliyesoma kuwa fulani wa Ujerumani amefika 4.0 asidhani kuwa ameahidiwa yeye.

Na si prosesa zote zinazokubali. Katika zile za Intel za mezani, ni zile tu zenye herufi K mwisho wa jina ndizo zilizofunguliwa, ila chache sana. Nazo zataka ubao mama wa namna maalumu, ambao mara nyingi bei yake yaondoa maana ya kununua cha rahisi. Hizi Ryzen za AMD za soketi ya AM4 karibu zote zimefunguliwa, lakini ubao ukiwa ni wa A320 hauruhusu. Ukiwa B350 au B450 waruhusu. Wengi wa vijana wetu wana zile kompyuta za maofisi zilizoletwa mtumba kutoka Ulaya na Dubai, nazo zote karibu zimefungwa. Kijana mwenye mashine kama hiyo aweza kuiacha makala hii hapa akaenda kusoma jingine, kwani swali hili halimhusu.

Hoja yake ya pili ilikuwa kwamba ni bure. Juu ya hili tulikaa siku mbili.

Umeme wenyewe si hoja kubwa, nami sitaki kutisha watu kwa jambo dogo. Tukachukua wati 40 za ziada, saa tatu kwa siku: kwa mwezi ni uniti 3 na nusu hivi. Baba asiyetaka mwanawe aguse bayosi asitafute sababu katika LUKU. Sababu iko katika moto. Kanuni ya wahandisi ni kuwa moto wa prosesa huzidi kwa kadiri ya mwendo, na huzidi kwa kadiri ya volti iliyozidishwa kwa nafsi yake. Tufanye mfano: mwendo umetoka 3.1 ukawa 3.8, hilo ni ongezeko la asilimia 22 na kitu. Volti imetoka 1.2 ikawa 1.35, ambayo ndiyo wengi wenye ujuzi wa prosesa hizi za mwaka 2017 huichukua kuwa mpaka wa kutumia kila siku. Volti hiyo ukiizidisha kwa nafsi yake, ongezeko ni asilimia 26. Ukiyafunga pamoja, moto umezidi kwa asilimia 55. Yaani umelipa 55 kununua 22, na hiyo 22 yenyewe, kama nitakavyosema, huenda usiione.

Kipoza moto kilichokuja na prosesa hii, kile kidogo cha mviringo, kimepimiwa wati 65. Asilimia 55 juu ya 65 ni wati 100. Na hapa ndipo nilipomshika kijana wangu. Maandishi yote aliyoyasoma yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambao hupimia katika vyumba vya digrii 20 na kitu. Kipoza moto cha upepo hakijui kushusha joto chini ya joto la chumba. Hukiweka kitu juu ya hewa iliyopo kwa digrii kadha, basi. Ikiwa kule kilikuwa digrii 60 juu ya hewa ya digrii 21, prosesa ilisimama 81. Hapa Tanga wakati wa kaskazi, chumba chetu adhuhuri ni digrii 32, na madirisha yamefunguliwa. Kipoza moto kile kile, mwendo ule ule, prosesa yasimama 92. Mpaka wa hii yetu ni 95. Mimi mwenyewe niliona 91 kwa macho yangu. Ukiongeza vumbi lililokwisha kuziba mapezi ya kipoza moto, na ile dawa nyeupe ya kupitishia joto ambayo kwa miaka imekauka kama chokaa ya ukutani, utaona kuwa aliyeandika kule hakudanganya, na aliyefuata hapa ameungua. Mtu wa Mombasa, wa Lindi, wa Maskati, na afanye hesabu ya chumba chake kabla ya kufanya hesabu ya prosesa.

Kuna na jambo la umri. Katika nyaya nyembamba mno zilizomo ndani ya prosesa, umeme mwingi ukipita katika joto jingi huzisukuma chembe za madini zenyewe zikahama mahali pake kidogo kidogo, mpaka siku moja uzi ukakatika. Mhandisi wa Marekani James R. Black aliiwekea hali hiyo kanuni yake katika miaka ya 1960, kabla hata ya kuzaliwa mimi. Mashine haifi siku ile; hupungukiwa siku zake. Na ikifa kwa sababu hiyo, waranti ya mtengenezaji haiilipi, kwani AMD na Intel wote hawachukui dhamana ya madhara yaliyotokana na kuzidisha mwendo. Kwa sisi wa mtumba waranti ni maneno tu, lakini aliyenunua kipya alipe nia hilo.

Basi tukaja katika swali ambalo kwa kweli lilipasa liwe la kwanza, na watu wengi hulifanya la mwisho: je, ni prosesa ndiyo inayochelewesha? Mchezo huonyeshwa kwa picha zifuatanazo, na kila picha hupikwa na wapishi wawili. Prosesa huamua mpira uko wapi na nani akimbilia wapi. Kadi ya picha huichora. Picha haitoki mpaka wote wawili wamekwisha. Ikiwa mchoraji ndiye mchelewaji, kumharakisha mwenziwe ni kumfanya angoje zaidi.

Njia ya kujua ni rahisi, na haina khatari yoyote. Ingia katika mchezo, tazama ni picha ngapi kwa sekunde. Kisha punguza ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, ambayo ni kumpunguzia kazi mchoraji peke yake. Picha zikiongezeka sana, mchelewaji alikuwa ni kadi. Zikibaki pale pale, mchelewaji ni prosesa. Tukafanya hivyo. Katika mashindano ya magari picha zilitoka 41 zikawa 68: kadi. Kijana alikuwa ameiunguza prosesa wiki mbili kwa ajili ya mchezo ambao haukuihitaji. Katika mpira, tulikuwa na 60 tangu mwanzo, nacho kioo chetu ni cha hezi 60, hakiwezi kuonyesha ya 61 hata ikiwapo. Mchezo mmoja tu, wa mji mkubwa wenye watu wengi njiani, ndio uliobaki 44 kwa 45 tulipopunguza. Hapo prosesa kweli ilikuwa imebanwa. Asilimia 22 ya 44, kama yote ingefika, ni picha 9 au 10. Nikamwambia, "Hizo ndizo zote ulizozipigania." Akacheka, nami nikacheka.

Tena katika kuchungua huko tukaona tulichokuwa tumekikalia. Kompyuta yetu ilikuwa na kijiti kimoja cha kumbukumbu, na tundu la pili tupu. Na kijiti chenyewe, kilichoandikwa 3000, kilikuwa kikienda 2133 kwa sababu hapana aliyeiambia bayosi vingine. Prosesa hizi za Ryzen njia zao za ndani zimefungwa na mwendo wa kumbukumbu, kwa hivyo kumbukumbu ikilegea na prosesa hulegea. Tukanunua kijiti cha pili mfano wa kile, vikawa viwili vifanyavyo kazi bega kwa bega, tukaviweka 2666, ambao ni mwendo ulioruhusiwa na watengenezaji wenyewe wa prosesa hii. Tukafungua kasha, tukapuliza vumbi barazani (jirani zetu wanisamehe), tukafuta ile dawa iliyokauka tukaweka mpya. Ule mchezo wa mji ukatoka 44 ukawa 52, na joto likashuka hadi 74.

Sikumnyima yote. Tulikubaliana ajaribu 3.6 bila ya kuongeza volti hata kidogo, apande hatua ndogo ndogo, na kila hatua Prime95 iende usiku mzima. Ikapita. Imekaa hapo hata leo, na ikija kaskazi yarudi katika mwendo wake wa asili. Na sharti langu lilikuwa moja: daftari la madrasa na kazi za dada yake ziwe na nakala katika fleshi mbili, moja kwangu na moja kwake, na nakala ifanywe kila Alkhamisi kabla ya Magharibi. Anayeifanya ni yeye.

Sasa majibu. Bwana uliyeuliza kama cha rahisi chaweza kuwa sawa na cha ghali: mwaka 1998, ndiyo, kwa wenye bahati. Mwaka 2014 Intel walitoa Pentium G3258, dola 72 tu, imefunguliwa, na vijana wakaipeleka kutoka gigahezi 3.2 hadi 4 na zaidi wakifurahi; mwaka ule ule ukatoka mchezo wa Far Cry 4, uliokataa hata kuanza katika prosesa hiyo, kwa kuwa ina viini viwili tu na mchezo ulitaka nyuzi nne. Mwendo haukuweza kujaza nafasi ya viini visivyokuwapo. Kwa hivyo, mwanao akiwa na fedha kidogo, na ubao wake ni wa AM4, kheri azitunze aje kununua Ryzen 5 3600 ya mtumba. Ina viini sita na nyuzi 12, yakaa katika tundu lile lile, na wati zake zilizoandikwa ni zile zile 65. Atazame kwanza kuwa bayosi ya ubao wake imepandishwa daraja ya kuitambua. Prosesa ya zamani auze. Na kama aliikimbiza, amwambie mnunuzi.

Bwana wa kasha wazi na pangaboi: kasha likiwa wazi feni za ndani hupoteza njia yao ya upepo, na vumbi lote la nyumba huingia. Lifungwe, lisafishwe, lisogezwe mbali na ukuta kadiri ya shibiri moja. Pangaboi lirudi kwenu.

Nawe kijana wa kurasa nne. Nimezisoma zote, na ukurasa wa tatu, pale unapoeleza khabari za volti, ni sahihi kuliko nilivyoweza kueleza mimi. Lakini hukuandika mahali popote kompyuta ile ni ya nani, wala ni nani mwingine anayeweka kitu chake humo. Ikiwa ni yako peke yako, kwa fedha yako, na humo hamna ila michezo, fanya majaribio yako kwa hatua ndogo, usipite volti ile niliyoitaja, na ujue mapema mahali ilipo betri ndogo ya ubao, kwani siku itakapokataa kuwaka utaitoa hiyo dakika chache, uchomoe na waya wa umeme, bayosi isahau uliyoiambia. Lakini ikiwa baba yako huweka humo hesabu za duka, basi aliye na khiyari ni yeye. Mpelekee ile hesabu ya 55 na 22 uliyonayo, mwonyeshe na kipimo cha 720, mkae pamoja. Mimi siwezi kukusemea kwa mtu ambaye sijui daftari lake limo ndani.

Swali la bibi wa Pangani juu ya simu ya mtoto aendaye bweni nimelipokea. Nafasi imekwisha, nitalijibu mwezi ujao inshaallah.